Yaya Amekwenda Kazini

Nyumba ya Anésie iliendeshwa kwa kupokezana, kama watu wanaopitisha ndoo ya maji mkono kwa mkono, na ole wake ambaye angelegeza vidole. Yeye mwenyewe alitoka alfajiri kwenda kuogesha wakongwe katika nyumba ya kulelea wazee. Mumewe, Murhula, aliyepanga maboksi usiku kucha katika ghala moja upande wa Villawood, alirudi watoto wakiwa wameshakwenda shule. Kati ya kutoka kwa huyu na kurudi kwa yule palikuwa na pengo, na katika pengo hilo alilala Gloriose, mdogo wake Anésie, juu ya godoro kando ya kitanda cha Blaise.

Gloriose alikuwa na chumba chake cha kupanga Lidcombe, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwao Auburn. Alikuja Februari na mkoba mmoja, kwa siku mbili tatu. Sasa Machi ilikuwa inakatika na nguo zake zilikuwa zimeshajaa kabati la mtoto. Yeye ndiye aliyemwamsha Blaise, akampikia uji, akamfunga kamba za viatu na kumpeleka darasa la kwanza. Jioni ndipo alipokwenda mjini kufagia ofisi za watu wa benki. Aline, binti mkubwa, alikuwa sekondari na alijiona ameshamaliza kulelewa.

Ilikuwa mwaka 2022, msimu ule ambao majani ya Sydney hupukutika na watu wa Bukavu hujiuliza walikosea wapi hata wakaletwa kwenye baridi. Mji ulikuwa umefungua milango baada ya miezi ya kufungiwa ndani, na korona nayo ikaona mlango uko wazi ikaingia. Wahudumu wa wazee waliugua kwa zamu. Aliyebaki mzima alibebeshwa kazi ya aliyelala, na Anésie, ambaye hakuwa na mkataba wa kudumu, hakuwa na mdomo wa kukataa. Mvua haikukoma. Sare za shule zilikaushwa kwa pasi, na kila asubuhi kulikuwa na soksi moja isiyoonekana.

Lakini Anésie alikuwa na tumaini moja, na alilishika kwa meno. Nyumba ya wazee ilikuwa inatafuta mtu wa zamu ya kudumu ya mchana, ile inayoanza watoto wakiwa wameshaingia darasani na kwisha kabla hawajatoka. Zamu kama hiyo watu huomba kwa kufunga. Angeipata, angempikia mwanawe uji. Angempeleka shule kwa mkono wake na kumpokea getini kwa mkono wake. Rispah, muuguzi Mkenya aliyesimamia zamu yao, alikuwa amemsemea kwa meneja, na meneja alikuwa ameahidi kutoa jibu Ijumaa.

Alihitaji jibu hilo kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu. Jumapili iliyopita, uani kwa kanisa, Blaise alianguka akachubuka goti. Anésie akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akampita palepale, analia, akaenda kujitupa kifuani kwa Gloriose. Watu wakacheka. Anésie naye akacheka. Aliona wivu, wivu hasa, na wa mdogo wake mwenyewe aliyekuwa anamfanyia hisani.

Halafu kulikuwa na lile jambo la jina. Kwa watu wa kwao, kaka au dada mkubwa huitwa Yaya, ni heshima. Gloriose hakuwahi kumwita Anésie kwa jina lingine tangu aanze kusema. Siku ya kwanza Rispah alipomsikia Gloriose kwenye simu, "Yaya, utarudi saa ngapi?", alimtazama Anésie kwa huruma nzima. Kwa Wakenya yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto wa watu. Rispah alidhani mwenzake, akitoka kuogesha wazee, huenda kwa familia fulani kuosha chupa za maziwa. Walipoelewana walicheka mpaka barakoa zikalowa, na tangu siku hiyo Rispah akipita koridoni humtania, "Yaya, watoto wamekula?"

Jumatano ya wiki hiyo, kukiwa bado giza, Anésie alisikia kikohozi chumbani kwa Blaise. Hakikuwa cha mtoto. Alikuwa amesimama jikoni na kipimo chake cha korona mkononi, kile ambacho kazini walitaka kila mtu ajipime kabla ya zamu. Chake kilionyesha mstari mmoja, salama. Juu ya friji kulikuwa na boksi zima la vipimo.

"Gloriose," alinong'ona mlangoni. "Kifua ile ni ya nini?"

"Ni baridi tu, Yaya. Jana mvua ilinipiga pale stesheni. Enda, utakosa treni."

Ilitosha kunyoosha mkono juu ya friji. Anésie aliangalia boksi, akaangalia saa, akafikiria Ijumaa. Akajiambia ni baridi. Ni baridi, bila shaka ni baridi, nani asiyekohoa kwenye hali hii ya hewa? Akavaa koti akatoka, na simu yake, kama sheria ya kazini ilivyotaka, ikaenda kulala ndani ya kabati la kufuli.

Alikuwa katikati ya kumwogesha Bibi Maureen, ana sabuni mpaka kwenye viwiko, Rispah alipofungua mlango bila kubisha. Nyuma yake alikuja mhudumu mwingine, akachukua taulo mikononi mwa Anésie.

"Anésie, kuja nje kidogo."

Nje maana yake ilikuwa ua wa nyuma, penye meza ya wavutaji sigara, kwenye manyunyu. Rispah alisimama mbali naye, mbali kuliko ilivyohitajika. Leo hakumwita Yaya.

"Shule ya mtoto wako imepiga simu. Yako haishikwi, wakapiga hapa." Sauti yake ilikuwa chini. "Blaise amemwambia mwalimu, my mum's got Covid. Ati mama amerudi kitandani, anakohoa, amepima na imetoka positive. Na wewe uko hapa unaosha wazee. Hebu niambie, niko na shida ama sina?"

Anésie alijipangusa povu la sabuni viwikoni. "Dada Rispah, mimi ni negative. Nilipima asubuhi, nilikuonyesha picha."

"Niliona. Ndio maana sijaita meneja bado. Sasa mama gani ako kitandani?"

Hapo Anésie alielewa kila kitu kwa mara moja, kile kikohozi, lile boksi juu ya friji, na mwanawe. Angekuwa anaulizwa na meneja angejificha nyuma ya lugha. Angesema kwao dada wa mama naye ni mama, mama mdogo, na mzungu yule angetikisa kichwa asielewe. Lakini Rispah alikuwa mtu wa Kisumu. Maana ya mama mdogo aliijua. Swali lake la pili lingekuwa, huyo mama mdogo analala wapi? Na sheria ya wakati ule ilikuwa moja. Anayelala nyumba moja na mgonjwa hujifungia wiki nzima, awe mzima awe hoi. Wiki nzima ilikuwa na Ijumaa ndani yake.

"Na kuna kitu sikuelewa," Rispah aliendelea. "Mwalimu alimuuliza nani amebaki nyumbani na mama. Akasema hakuna mtu, Yaya's gone to work. Yaya ni nani? Si ni vile dada yako hukuita? Mbona mtoto ndiye anasema hivyo?"

Neno lile lilimpiga Anésie mahali ambapo hakuwa amejikinga. Kumbe hata jina la kumwita yeye mtoto alikuwa ameliazima kwa Gloriose. Kwa Blaise, Mama alikuwa kitandani, na Yaya alikuwa kazini.

Alikuwa na majibu mawili, na lile la kweli lilikuwa na aibu mbili ndani yake. Alichukua lingine.

"Mutoto anaongopa," alisema. "Dada yangu iko Lidcombe, kwake. Hakuna mugonjwa kwangu. Unajua batoto, Dada Rispah. Anataka tu asikae shule."

Rispah alimtazama. Mvua ilikuwa inamdondoka kwenye ngao ya plastiki aliyovaa usoni. "Una hakika? Kwa sababu hawa wakipata hiyo kitu, tutazika mpaka tuchoke. Unakumbuka mwaka jana."

"Nina hakika."

"Sawa. Nitawaambia shule mama ni mzima, mtoto alikuwa anacheza." Akamgusa bega kidogo, jambo ambalo halikuwa limeruhusiwa. "Nilijua si wewe."

Anésie alirudi ndani. Hakuna saa aliyowahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ile. Alibana barakoa mpaka ikamkata pua. Bibi Maureen, aliyekuwa na mazoea ya kumvuta mtu karibu ili asikie, alinyoosha mkono wake mwembamba akitaka kushika shavu lake, na Anésie akarudi nyuma kama aliyeona moto. Bibi akaushusha mkono, akageukia dirisha. Anésie akaenda kumwomba mwenzake wabadilishane, yeye akunje mashuka kwenye chumba cha kufulia, ambako hakuna mzee.

Wakati wa mapumziko alifungua kabati. Ujumbe ulikuwa unamngoja tangu asubuhi, na picha chini yake, mistari miwili myekundu iliyokolea kama wino.

"Yaya, nimepima, ni corona. Bwana yako hayajarudi. Nimepeleka mutoto shule, nimetembea mbele yake, mbali, nimevaa masque mdomoni. Nisamehe."

Sasa haikuwa kubahatisha tena. Anésie alisimama akaenda moja kwa moja ofisini kwa Rispah, maneno yakiwa tayari mdomoni, na alikuwa anakwenda kuyasema, Mungu anajua. Rispah alikuwa kwenye simu. Alipomwona mlangoni macho yake yakacheka juu ya barakoa, akaziba simu kwa kiganja. "Ni meneja," alinong'ona. "Anasema hakuna haja ya kungoja Ijumaa. Ni yako."

Anésie alisema ahsante. Akarudi kwenye mashuka, akakunja mpaka zamu ikaisha, kisha akasaini akatoka.

Murhula alimfungulia mlango akiwa bado na sare ya ghala, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Gloriose alikuwa amejifungia chumbani kwa Blaise, na taulo limeziba upenyo chini ya mlango. Blaise alikuwa ameketi sakafuni mbele ya mlango ule, mgongo ukutani, begi la shule bado mgongoni. Aline alisimama jikoni akila mkate, akiangalia kila kitu.

"Amefanya nini?" Anésie aliuliza.

"Uliza vile wamemufanya," Murhula alijibu. "Mwalimu aliniita pale geti. Alisema mutoto alidanganya juu ya ugonjwa, batoto wengine waliogopa, moja alilia. Wakamusimamisha aseme sorry mbele ya bote. Gloriose aliniamsha kwa simu tu, niende kumuchukua, nilikuwa sijaamka vizuri, nikasema sorry na mimi." Akashusha sauti. "Kisha nafika hapa Gloriose ananitumia picha. Anésie, ulisema nini kule?"

Alimwambia. Alimwambia na habari ya zamu pia. Murhula alikaa kwenye mkono wa kochi, akajipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amechoka.

"Umeshasema," alisema mwishowe. "Basi nyamaza. Kesho piga simu, sema unaumwa tumbo. Wiki itapita. Ile kazi tumeilia mwaka muzima."

Ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba Anésie alikwisha kuanza kupanga maneno ya tumbo. Akaenda kuchuchumaa mbele ya Blaise, kwa umbali, na barakoa usoni.

"Blaise. Niangalie."

Mtoto hakumwangalia. "I didn't lie," alisema. Siku zote alisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, lakini sasa kila neno alilisema taratibu, kama anayeogopa kukosea tena. "I said Mum's sick and Yaya's at work. They said it's not true. They said you said."

"Kwa nini unaniita Yaya?"

Hapo ndipo alipomtazama, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. Alishangaa tu kuulizwa. "'Cause that's your name."

"Anakuitaga hivyo tangu Februari, Mum," Aline alisema kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anakejeli. "We thought you knew."

Nyuma ya mlango Gloriose alianza kukohoa, kisha kulia, kisha vyote viwili. "Yaya, mimi sikumufundisha! Naapa, sikumufundisha!" Blaise akageuka, akaweka kiganja chake mlangoni.

Anésie alitazama kile kiganja. Alikuwa amemuuza mtoto huyu asubuhi ile, kwenye mvua, ili apate kuwa mama yake. Akatoa simu. Murhula akasimama. "Anésie," alisema. Mkewe alikuwa ameshapiga namba ya Rispah. Aliweka simu kwenye spika, akaiweka sakafuni kati yake na mwanawe.

"Yaya!" Rispah aliitikia, furaha imejaa sautini. "Umeshawaambia watu wa nyumbani?"

"Dada Rispah, nisikilize, usiseme kwanza. Mutoto hakuongopa. Mama yake iko mugonjwa, dada yangu, anakaa hapa kwangu tangu Februari, analala chumba moja na mutoto. Mimi nilijua, na nikakaa kimya. Mutoto alisema kweli yote." Akamtazama Blaise. "Na Yaya ni mimi."

Upande wa pili furaha ilikatika. Kisha Rispah akasema, kwa Kiingereza cha kazini, baridi, kwamba lazima aandike ripoti, kwamba wazee wote wa upande ule watapimwa usiku huo, kwamba Anésie asije kazini mpaka aitwe. Halafu, kabla hajakata, akarudi kwenye Kiswahili. "Nilikushika bega, Anésie." Ni hilo tu. Anésie angependa atukanwe.

Shuleni alipiga pia, mwalimu akiwa bado hajaondoka. Kiingereza chake kilimponyoka, lakini neno moja alilirudia mpaka likaingia, kwamba mtoto wake si mwongo, na kwamba mbele ya darasa alipoaibishwa, mbele ya darasa hilohilo asafishwe. Mwalimu aliahidi. Blaise alisikiliza simu zote mbili. Zilipokwisha akavua begi mgongoni.

Wakafungiwa wiki nzima. Murhula alipoteza zamu zake na akanuna siku mbili, kisha usingizi ukamshinda kununa. Kila asubuhi Anésie alingoja simu ya Rispah. Wazee walipimwa, wakapimwa tena, na wakatoka wazima, Bibi Maureen akiwemo. Siku alipopata ujumbe huo alikwenda bafuni akafungulia maji ili asisikike. Zamu ya mchana alipewa mtu mwingine. Yeye aliruhusiwa kurudi, alfajiri, kama zamani, na onyo ndani ya faili lake. Ilibidi ashukuru, na alishukuru, lakini iliuma.

Kwa hiyo asubuhi alizozililia zilimjia kwa njia hiyo, akiwa amefungiwa, hana shule ya kumpeleka mtoto wala geti la kumpokelea. Alipika uji. Wa kwanza Blaise aliuonja akaurudisha. Mama anatia siagi ya karanga, alieleza kwa Kiingereza. Wa pili ulikuwa na karanga lakini ulikuwa mzito. Mama hauachi hivyo, Mama anaukoroga. Anésie akakoroga. Gloriose, kutoka nyuma ya mlango, alimpa maelekezo kwa sauti iliyokwaruza, na kila sentensi aliianza kwa Yaya, halafu akajishika, halafu akasahau tena.

Asubuhi ya mwisho ya kifungo kile mvua ilikuwa imekatika. Gloriose alikuwa anapanga nguo zake kwenye mkoba ili arudi Lidcombe. Ilikuwa shauri lake mwenyewe, na hakuna aliyembishia sana. Anésie alisimama kwenye jiko, mwiko mkononi, akitazama nje na kufikiria nani atamwamsha mtoto kesho, nani atatafuta soksi, na Murhula ataomba vipi ghalani wamtoe mapema.

"Mama," Blaise aliita kutoka mezani.

Chumbani Gloriose aliacha kukunja nguo. Hakuitika. Anésie naye hakuitika. Alikuwa anangoja mdogo wake ajibu, kama ilivyokuwa miezi yote ile.

"Mama! Uji inaungua!"

Ulikuwa unaungua kweli, moshi umeshajaa kwenye sufuria. Anésie alichelewa kugeuka, maana hakujua kwamba anayeitwa ni yeye.